Viriba vilivyochanika kama ukindu: kisa cha polima mbili zilizokataa kuoana

Kisa hiki ni cha karakana moja ndogo ya pwani inayotengeneza viriba vya miche. Majina, mahali na hesabu za biashara nimeviondoa, na uwiano wa michanganyiko nimeuweka katika tarakimu kamili ili usimtambulishe mtu. Niliitwa mwishoni, wenyewe wakiwa wamekwisha kuhangaika kwa miezi. Baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

## Karakana na mteja wake

Karakana ilizoea kupuliza nailoni ya kawaida, yaani kuyeyusha punje, kuzisukuma kwenye mdomo wa duara wa mashine na kuzijaza hewa hadi zipande juu kama puto refu la utando. Marufuku ya mifuko ya kubebea bidhaa iliyoanza Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019 haikuwafungia biashara, kwa sababu kanuni za Tanzania ziliacha nje plastiki za shughuli za kilimo, na kiriba cha mche kimo humo. Aliyewasukuma kubadilika ni mteja, mradi wa kupanda miti. Kila msimu viriba vilivyochanwa vilibaki vimetapakaa shambani. Kibaya zaidi, vibarua wenye haraka walipanda mche pamoja na nailoni yake, mizizi ikajizungusha humo ndani kama kamba kwenye ndoo, na baada ya mwaka mti ukawa umedumaa. Mteja akataka kiriba kitakachoingia shimoni pamoja na mche kisha kioze chenyewe.

Mwenye karakana akanunua punje za plastiki za aina mbili. Ya kwanza ni PLA, inayotokana na sukari ya mahindi au miwa iliyochachushwa. Ni ngumu na inang'aa, lakini ukiivuta hukatika ikiwa imerefuka asilimia chache tu. Ya pili ni PBAT, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na mafuta ya petroli ingawa vijidudu vinaweza kuila. Hiyo ni laini, huvutika hadi mara kadhaa ya urefu wake bila kukatika. Wazo lilikuwa la kueleweka: changanya kikavu na kilaini, upate cha kati. Kwa kuwa PLA ilikuwa nafuu, wakaanza na sehemu 70 za PLA kwa 30 za PBAT, wakazikoroga kwenye ndoo, wakazimwaga kwenye faneli ya mashine ileile ya nailoni.

Hapa inafaa kutenganisha maneno mawili ambayo karakanani yalikuwa yanachanganywa. Kioo ni kigumu, lakini si kishupavu. Ndala ni laini, na ni shupavu kuliko kioo: unaikanyaga, unaivuta, haivunjiki. Kiriba hakihitaji ugumu mwingi. Kinahitaji ushupavu, yaani uwezo wa kumeza kishindo cha udongo wa mvua ukitupiwa ndani na kubanwa kwa kidole gumba, kisha safari ya pikapu kwenye barabara ya makorongo.

## Miezi ya kuhangaika

Viriba vya kwanza vililia kama karatasi ya biskuti. Ukivikunja, mkunjo uligeuka mweupe. Ukivijaza udongo, vilipasuka kuanzia juu hadi chini kwa mstari ulionyooka. Fundi mkuu, mtu wa miaka mingi kwenye mashine, alinionyesha kimoja alichokihifadhi: alikishika pembeni kwa kucha mbili akakichana vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, kama mwanamke anayechana ukindu wa kusukia mkeka. "Injinia," akaniambia, "hii siyo nailoni, hii ni mnyaa."

Jibu lao la kwanza lilikuwa kuongeza kilaini, nusu kwa nusu. Utando ukawa laini mkononi, lakini uliendelea kuchanika kwa mstari uleule. Jibu la pili lilikuwa gliserini, kwa kuwa kuna mtu aliyesikia kwamba hulainisha plastiki zinazooza. Gliserini hulainisha wanga vizuri sana, ila na PLA haipatani. Siku ya kwanza viriba vilikuwa vinateleza. Baada ya wiki vilikuwa vinanata, gliserini imetoka nje kama jasho, na ndani ya utando mambo ni yaleyale. Jibu la tatu lilikuwa joto. Walipandisha mashine hadi karibu nyuzi 210 wakiamini kwamba punje haziyeyuki sawasawa. Puto la utando likalegea na kuyumba, na harufu ya karakana ikabadilika.

Hili la joto ndilo lililonifanya nisiulize kuhusu uwiano kwanza. Niliuliza: "Gunia la PLA likishafunguliwa, linakaa wapi?" Lilikuwa linakaa wazi kando ya mashine, mwezi wa Aprili, masika, mita mia chache kutoka baharini.

## Hatua ya kwanza: maji

PLA na PBAT, kama plastiki zote, ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli. Zote mbili ni za ukoo wa poliesta, na poliesta iliyoyeyuka ikiwa na unyevu hukatwa minyororo yake na maji. Kila molekuli ya maji hukata kiungo kimoja. Ndiyo maana watengenezaji wa PLA hutaka unyevu ushuke chini ya asilimia 0.025 kabla ya kuyeyushwa. Kwa macho, punje zenye unyevu mara kumi ya huo hazina tofauti na zilizokauka. Tofauti utaiona kwenye mita ya ampea ya mota: minyororo ikiwa mifupi, uji unakuwa mwepesi, skrubu inazunguka bila kazi, ampea zinashuka. Tulirudi kwenye daftari la zamu la fundi, na ampea zilikuwa zinashuka wiki hadi wiki kadiri gunia lilivyokaa wazi. Daftari hilo lilinisaidia kuliko kipimo chochote cha maabara tulichofanya baadaye.

Kukausha pwani si kazi rahisi. Kupasha hewa moto hakuondoi mvuke uliomo. Unapata hewa ya moto yenye maji yaleyale. Inatakiwa hewa iliyopitishwa kwanza kwenye chembe zinazonyonya mvuke. Bahati ilikuwa kwa jirani. Viwanda vya chupa za maji hutumia PET, nayo ni poliesta yenye ugonjwa huohuo wa maji, kwa hiyo huwa na vikausho vya namna hiyo. Mmoja alikuwa na kidogo cha zamani kimekaa stoo. Tukakikodi.

PLA tuliikausha kwa nyuzi 80 kwa saa nne, PBAT kwa nyuzi 60 hivi kwa muda mrefu zaidi. Siku ya pili tuliharibu. Mtu alitia humo mabaki ya utando wa zamani yaliyosagwa, yenye PLA nyingi, ili yasipotee. Punje mpya za PLA zimekwisha kuganda kwa mpangilio wa fuwele, zinavumilia nyuzi 80. Utando uliopoozwa haraka haujapata fuwele, na PLA ya namna hiyo hulegea ikivuka nyuzi 60. Tulifungua kikausho tukakuta donge moja kubwa, kama kashata. Nusu siku ilikwenda kwenye patasi.

Baada ya kukausha na kurudisha joto hadi nyuzi 180 hivi, ampea zilipanda na kutulia, puto likasimama wima, harufu ikaisha. Viriba vikaendelea kuchanika kama ukindu. Walivunjika moyo. Mimi nilifurahi kidogo, nakiri, kwa sababu sasa tulikuwa na tatizo moja badala ya mawili yaliyofunikana.

## Kilichoonekana kwenye hadubini

Tulipeleka vipande kwenye maabara ya chuo. Kipande huzamishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika hadi kikakamae, kisha huvunjwa ili uso wa mvunjiko uonekane chini ya hadubini ya elektroni. Kwenye mchanganyiko wa 70 kwa 30 tuliona bahari ya PLA na ndani yake matone ya PBAT, makubwa, ya ukubwa tofauti tofauti. Kando ya matone kulikuwa na mashimo matupu, kuta zake laini kabisa, mahali tone lilipochomoka wakati wa kuvunja. Mwenye kula fenesi anajua shimo linaloachwa na kokwa ikitoka bila kushika nyama. Ndivyo ilivyokuwa.

Picha hiyo ilieleza karibu kila kitu. Polima mbili ndefu hazichanganyiki kwa hiari kama vimiminika vyepesi, hata kama ni za ukoo mmoja. Minyororo ni mirefu mno, na faida ya kuvurugana ni ndogo mno kuishinda hata chuki ndogo baina yao. Zinabaki nchi mbili zenye mpaka. Tone laini lililoshikamana vizuri na bahari ngumu ni msaada mkubwa: kishindo kikija, tone linavutika, bahari iliyolizunguka inanyumbuka kidogo kidogo mahali pengi, na nguvu ya kishindo inamalizikia humo. Tone lisiloshikamana ni tundu tu. Kwa hiyo walipoongeza PBAT kutoka 30 hadi 50 bila kushughulikia mpaka, waliongeza laini, na pia waliongeza urefu wa mpaka ambao ufa ungeufuata.

Kisha kuna mstari ulionyooka. Tulikata kipande kwa mwelekeo wa mashine, tukaona matone hayakuwa matone tena; yalikuwa yamevutwa kuwa nyuzi ndefu zilizolala sambamba, kila uzi na mpaka wake dhaifu. Ukindu halisi.

Sababu ya kuvutwa vile ilikuwa ya chuma, haikuwa ya kemia. Mdomo wa mashine ulikuwa na kipenyo cha milimita 50. Kiriba kilichotakiwa kilikuwa na upana wa sentimita 10 kikilazwa, ambao ukiufungua unapata puto la milimita 64 hivi. Yaani utando ulipanuka kwa mara 1.3 tu kwenda pembeni, huku ukivutwa juu mara nyingi zaidi. Nailoni ya kawaida huvumilia uonevu huo. Mchanganyiko usiooana hauvumilii.

## Maamuzi na sababu zake

Kwanza ilibidi kuchagua mshenga, yaani kemikali ya kuzishikamanisha polima hizo mbili mpakani. Neno hilo ni la vijana wa karakana, nami nikalikubali kuliko "kipatanishi" nililokuja nalo: mtu wa kati anayejulikana kwa pande zote mbili.

Njia ya bei rahisi ilikuwa peroksaidi, ambayo huvunja hapa na pale kwenye minyororo ili iungane ovyo, PLA na PBAT kwa pamoja. Inafanya kazi, lakini inakwenda haraka, ni vigumu kuidhibiti kwa mashine yenye vipimajoto vilivyochoka, na kuitunza kwenye banda la bati lenye joto kunanitia hofu. Niliikataa. Anhidridi ya maleiki, kemikali nyingine ya kuunganisha, niliikataa kwa ajili ya mvuke wake unaochoma macho na koo. Banda halikuwa na feni ya kunyonya hewa. Kununua mchanganyiko uliokwisha kutengenezwa nje lingekuwa jambo la busara kabisa, ila kiasi cha chini cha kuagiza kilikuwa kikubwa kuliko mtaji wao.

Tukachagua polima fupi ya stirini na akriliki iliyobeba vikundi vya epoksi, ya unga. Epoksi hukamata ncha za asidi za poliesta, na kwa kiasi kidogo ncha za haidroksili pia. Kwa kuwa kila molekuli yake ina mikono mingi, mkono mmoja ukikamata PLA na mwingine ukikamata PBAT, unapata kiumbe mwenye miguu pande zote mbili za mpaka, na anakaa hapohapo mpakani. Matone huwa madogo kwa sababu hayaungani tena kirahisi, na hushika. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo, chini ya asilimia moja. Sisi tulianza na asilimia 0.4.

Kiasi kidogo hivyo hakitawanyiki kwa kukorogwa kwenye ndoo, wala mashine ya skrubu moja haichanganyi vya kutosha. Tulikodi muda kwenye mashine ya skrubu mbili. Tulianza kwa kuutia unga ndani ya PBAT peke yake kwa joto la chini, nyuzi 140 hivi, kwa kuwa PBAT huyeyuka karibu na nyuzi 120 na katika joto hilo epoksi bado imelala. Punje hizo zenye mshenga mwingi ndizo zilizopimwa baadaye pamoja na PLA na PBAT iliyobaki, zikapitishwa tena kwa nyuzi 190, ambako mshenga anaamka akiwa amekwisha kusambaa.

Pili, tuligeuza uwiano: PLA 30, PBAT 70. Hapa nilibishana na mwenye karakana kwa muda mrefu, na alikuwa na haki ya kubisha, maana gharama ilipanda. Hoja yangu ilikuwa kwamba kiriba hakihitaji ukakamavu wa PLA kuwa bahari. PBAT ndiyo iwe bahari, PLA iwe visiwa vya kuipa mgongo utando usilegee wakati wa kujaza. Alikubali kwa sharti kwamba tujaribu pia unga wa muhogo ili kupunguza bei. Nitarudi kwenye unga huo.

Tatu, mdomo wa mashine. Walikuwa na mwingine wa milimita 30, wa kutengenezea mifuko ya barafu zamani. Kwa kiriba kilekile cha sentimita 10, upanuzi ulipanda hadi mara 2.1. Uzalishaji kwa saa ulishuka.

## Kilichotokea

Mkupuo wa kwanza wenye mshenga ulikuwa mzuri kiasi cha kumfanya fundi achukue kiriba, akitie mchanga wa maji, akiinue hadi usawa wa kifua na kukiachia kwenye saruji. Hakikupasuka. Akakiachia tena. Kisha akajaribu kukichana kwa kucha, kikavutika na kuwa cheupe, hakikuchanika. Hakusema kitu, alikunja akakitia mfukoni.

Mkupuo wa tatu uliharibika. Kijana wa zamu ya usiku, akidhani kizuri kikiongezwa huwa kizuri zaidi, aliongeza punje za mshenga maradufu. Ampea zilipanda hadi mashine ikajizima. Wavu wa kuchujia ulikuwa umeziba, na utando uliotoka kabla ya hapo ulijaa vinundu kama uji uliokorogwa vibaya. Mikono ya epoksi ikizidi, haiungi pande mbili tu, inafuma wavu mzima, na wavu hauyeyuki tena. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimewaeleza kiasi kwa asilimia, na zamu ya usiku inapima kwa kopo.

Unga wa muhogo tuliujaribu kwa ahadi, mbichi uliokaushwa, sehemu 20. Ulitoa utando wenye matundu ya pini na harufu ya ukoko wa ugali. Wanga mbichi ni punje ngumu zilizopangwa vizuri, haziyeyuki. Ili ziyeyuke lazima kwanza zivunjwe kwa gliserini na maji ndani ya mashine, na maji hayo ndiyo tuliyotumia wiki mbili kuyafukuza. Njia ipo, viwandani inafanyika, lakini inataka mashine yenye matundu ya kutolea mvuke. Tukaacha.

Viriba vilipimwa tena baada ya wiki tatu stoo, chini ya bati. Hili nililisisitiza kwa sababu PLA isiyo na fuwele huendelea kujibana taratibu ikiwa chini ya joto lake la kulegea, hasa stoo ikiwa na joto, na utando shupavu wa Jumatatu unaweza kuwa mkavu mwezi ujao. Kwa mchanganyiko mpya badiliko lilikuwepo lakini dogo, kwa kuwa bahari sasa ni PBAT. Viriba vichache vya zamani vya 70 kwa 30 tulivyoviweka kando kwa kulinganisha vilivunjika kwa kukunjwa tu.

Mteja alipokea, miche ikajazwa, pikapu zikaenda. Malalamiko ya kupasuka yakaisha.

## Uchambuzi

Sehemu ninayojutia kitaalamu ni kwamba tulibadilisha mshenga, uwiano na mdomo kwa wiki moja, tukiwa na haraka ya msimu. Kwa muda sikuweza kusema kipi kilitibu nini. Jibu la sehemu lilikuja kwa ajali: mdomo wa milimita 30 uligongwa ukapata mkwaruzo, wakarudi kwa siku chache kwenye ule wa 50 wakitumia mchanganyiko mpya uleule. Viriba havikuvunjika kwenye mikunjo, havikupasuka vikidondoshwa, lakini ukivitia alama ya wembe juu, mpasuko ulikimbia chini tena kwa mstari, ingawa kwa kusitasita. Kwa hiyo mshenga na uwiano vilitibu uvunjikaji, na mdomo ulitibu mwelekeo. Kati ya mshenga na uwiano wenyewe, kipi kilichangia zaidi, hatukuwahi kutenganisha. Ilitakiwa kupuliza 30 kwa 70 bila mshenga walau kwa nusu saa. Hatukufanya.

Jambo jingine linalochanganya: epoksi inaunga pia minyororo iliyokatwa na maji, kwa kuwa kila mkato huacha ncha mpya ya asidi. Mshenga kwa hiyo anaweza kuficha ukaushaji mbovu. Ampea zinarudi juu, kila mtu anatabasamu, na epoksi iliyokusudiwa kwa mpaka imekwisha kwenye kushona majeraha. Ndiyo sababu nilitaka ukaushaji usimame wenyewe kwanza, na ndiyo hatua pekee ambayo mpangilio wetu ulikuwa sahihi.

Kushindwa kukubwa kulikuwa kwingine kabisa. Msimu mmoja baada ya kupanda, mteja alifukua miche kadhaa. Viriba vilikuwepo. Vimechoka, vimetoboka, lakini vimo, na kwenye baadhi yake mizizi ilianza kujizungusha. Sote, mimi nikiwa wa kwanza, tulikuwa tumeshughulika na ushupavu hadi tukasahau swali la mteja. Kiwango cha Ulaya EN 13432, ambacho muuzaji wa punje alikitaja kwenye karatasi zake, hupima uozaji kwenye mboji ya kiwandani yenye joto la nyuzi 58 hivi. Udongo wa shambani hauna joto hilo. PLA chini ya joto lake la kulegea hukatwa na maji polepole mno. Maji yaleyale yaliyotutesa kwenye mashine kwa dakika chache yanahitaji muda mrefu sana kwenye shimo la mche. PBAT huliwa na vijidudu vya udongo, lakini hata kiwango cha EN 17033 cha mwaka 2018, cha nailoni za kutandazia shambani, huruhusu hadi miaka 2 udongoni. Mzizi wa mche haungoji miaka 2.

Na kila tulichofanya kuongeza ushupavu, yaani minyororo mirefu na mpaka ulioshikamana, hakikuelekea kukipa kiriba haraka ya kuoza.

Karakana iliondoa maneno "panda pamoja na kiriba" kwenye risiti zake. Viriba sasa vinatobolewa matundu makubwa chini na pembeni, na vibarua wanaagizwa kupasua ubavu mmoja kwa wembe kabla ya kufukia. Kipande kinachobaki shimoni kinaachwa kioze kwa muda wake. Nyuma ya banda fundi amefukia viriba 24 vitupu vya uwiano tofauti, kila kimoja na kijiti chenye namba. Kila mwisho wa mwezi anafukua viwili, anavisuuza, anavivuta kwa mikono, na anaandika kwenye daftari lilelile la ampea.